Kadi za Neno Nyara

Bawabu aligundua uharibifu saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumatano, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema kila jambo mara mbili, alipiga simu kituo cha polisi mara mbili. Saa mbili na dakika kumi inspekta alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kadi, ghorofa ya pili, akitafuta mahali pa kukanyaga.

Droo tatu za kabati la chuma, zile za herufi M, N na P, zilikuwa zimechomolewa na kupinduliwa sakafuni. Mafungu ya kadi yalijaa chini mpaka miguuni mwa meza. Dirisha lilikuwa wazi. Kompyuta ilikuwa mezani, birika la umeme lilikuwa kwenye kona yake, na koti zuri la mtu lilining'inia nyuma ya mlango.

"Mwizi gani huyu, afande?" bawabu alisema. "Anaacha koti, anamwaga karatasi. Mwizi gani?"

Inspekta hakumjibu. Alikuwa amehamishiwa mji huu miezi minne iliyopita, na katika miezi hiyo waliompigia simu kwa jambo lisilo la kazi walikuwa wawili: mwenye nyumba wake na mtu aliyekosea namba. Alikuwa amezoea kunyamaza. Alikwenda dirishani, akapitisha kidole kwenye kizingiti, akakitazama. Vumbi lilikuwa zito, na halikuwa na alama nyingine yoyote zaidi ya ile aliyoiweka yeye.

Kisha akachuchumaa na kuokota fungu moja. Kadi zilikuwa zimefungwa kwa uzi mweupe. Akaokota la pili, la tatu, la kumi. Nyuzi zote zilikuwa nzima.

"Huyu kamwaga kwa adabu," alisema.

Ofisi hiyo ilikuwa ikitengeneza kamusi kwa mwaka wa ishirini na nane sasa. Kila neno lilikuwa na fungu lake, na kila kadi ndani ya fungu ilikuwa shahidi mmoja: nani alilisema neno hilo au kuliandika, wapi, mwaka gani, kwa maana gani. Watu wa kazi walikuwa wanne tu. Mhariri mkuu, aliyeitwa Mzee Kamusi hata na mke wake alipokuwa hai, alikuwa na miaka sabini na nne. Naibu wake alikuwa na arobaini na tano na hasira za haraka. Mpiga taipu, mjane wa miaka sitini na moja, alikuwa ameanza kazi siku moja na kabati lenyewe, na jina la mpiga taipu lilimganda hata baada ya kuletewa kompyuta. Wa nne ni bawabu.

"Ijumaa saa sita mchana gari la kiwanda cha uchapaji linakuja kuchukua kurasa," naibu alimweleza inspekta. Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba na maneno yalimtoka kwa taabu. "Tukichelewa, mashine zinaingia kwenye vitabu vya shule, na sisi tunasubiri mwaka mzima."

Walipanga kadi wote wanne, na inspekta akasaidia. Kazi ambayo ingekula wiki nzima ilikwisha saa nane mchana, kwa sababu hakuna fungu lililokuwa limefunguka. Droo ya N ilikuwa imelala kifudifudi, mafungu yake yakabaki mstarini, na naibu alipoiinua akakuta pengo. Kati ya *nyapia* na *nyaraka* hapakuwa na fungu. Palikuwa na kipande cha karatasi ngumu ya manjano.

"Nyara," naibu alisema. "Wamechukua *nyara*. Kadi arobaini na tatu."

Mzee Kamusi alikaa chini taratibu, akikitafuta kiti kwa mkono kabla ya kukiamini.

"Na hii ya manjano ni nini?" inspekta aliuliza.

"Mlinzi," naibu alijibu. "Ukitoa fungu unaacha mlinzi mahali pake, ili wenzake wasilale na wewe ujue pa kulirudisha. Ni sheria ya nyumba hii. Mlinzi wangu ni wa bluu." Akasita. "Wa manjano ni wa Mzee."

Mpiga taipu aliinama kuokota uzi ambao inspekta hakuuona.

* * *

Inspekta alianza na bawabu, saa nane na nusu, kwenye kibanda cha getini.

"Nasikia unauza karatasi."

"Za kutupa, afande. Za kutupa tu. Dukani wanafungia misumari. Ukitaka kunifunga kwa hilo, nifunge pamoja na mwenye duka."

"Jana nani alitoka saa ngapi?"

Bawabu alifungua daftari la getini. Naibu alitoka saa tisa kasoro robo kwenda kung'olewa jino. Mzee alitoka saa kumi na nusu. Mpiga taipu alitoka saa kumi na moja na robo. Geti lilifungwa saa kumi na mbili.

"Na hakuna aliyerudi?"

Bawabu alijikuna shingo. "Mzee alirudi. Saa kumi na mbili kasoro kumi. Alisahau miwani. Alipanda, akakaa kama dakika saba, akashuka. Sikuandika, kwa sababu ni Mzee. Utamwandika Mzee kama mgeni?"

Naibu alimpokea inspekta kwa kumwonyesha stakabadhi ya daktari wa meno kabla hajaulizwa. Alikuwa kule mpaka saa kumi na mbili na nusu, na damu ilikuwa bado kwenye kola ya shati.

"Lakini Jumatatu ulisema kwa sauti kwamba hilo neno afadhali lipotee," inspekta alisema. "Bawabu alikusikia kutoka getini."

"Hata wewe ungesema. Wiki tano tunagombana na Mzee juu ya neno moja. Maneno yote mengine yamekwisha, yamesahihishwa, yako tayari. Limebaki *nyara*, na katika *nyara* imebaki asili yake tu. Mzee anasema limekuja na watu wa nje, waliokuja kuteka. Mimi nasema lilizaliwa humu humu. Anakataa nisiweke langu, nami nakataa asiweke lake."

"Si mngeacha mahali pa asili patupu, mkachapa?"

"Mwambie yeye. Mzee hachapi neno ambalo kadi zake hazimo drooni. Yuko radhi asubiri mwaka." Naibu alishusha sauti. "Afande, sitaki kumsema vibaya, amenilea kikazi. Lakini anasahau. Wiki iliyopita aliniita kwa jina la mtu aliyekufa. Huenda alilitoa fungu yeye mwenyewe, akasahau, akarudi kulitafuta gizagiza, akamwaga droo. Ukienda kwake utalikuta chini ya mto."

Kwa kweli lilikuwa wazo zuri, na inspekta hakulipenda.

Saa tisa alasiri aliketi mbele ya Mzee Kamusi. Mlango wa kwenda chumba cha kadi ulikuwa wazi.

"Nisaidie mimi nisiyesoma sana," alisema. "Huyo mwizi wako ameiba nini hasa? Maana yake?"

Uso wa mzee ulichangamka kidogo. "Mwizi anachukua mwenyewe hayupo. Anayepora anachukua mwenyewe yupo, anatazama. Dada, niletee fungu la *pora*."

Mpiga taipu aliinuka mezani kwake, akaingia chumba cha pili, akavuta droo. "Afande, chai yako nikutilie sukari?" aliuliza akiwa kule, na huku akiuliza mkono wake mmoja ulitoa fungu, na mwingine ukachomoa kipande cha manjano mfukoni mwa sweta na kukichomeka palipobaki wazi. Hakukitazama.

"Kidogo tu, mama," inspekta alisema.

Mzee alilishika fungu bila kulifungua. "Basi *nyara* ni kile kinachobebwa. Ng'ombe, nguo, vyungu. Lakini mashahidi wetu wa zamani, wale niliowafuata kwa miguu, wanaposema nyara wanahesabu na watu. Mtoto wa mtu ni nyara. Mke wa mtu ni nyara. Siku hizi tunasema ndege imetekwa nyara, basi limetekwa nyara, na tunasahau kwamba zamani mtu aliamka akakuta nyumba nzima imekwenda. Nataka kujua nani alilisema kwanza neno hilo. Aliyebeba, au aliyebaki? Ndiyo ugomvi wetu."

"Jana jioni ulipofuata miwani, uliona nini chumba cha kadi?"

"Nilipita mlangoni sikuona kitu. Ila kwangu mimi, siku hizi, kutoona kitu si ushahidi." Alimsubiri mpiga taipu aweke chai na kwenda zake, akasikiliza mlango ukifungwa. "Nikuambie jambo, na ulifunike. Daktari amesema mpaka mwisho wa mwaka nitakuwa natofautisha mchana na usiku, basi. Kitabu kikienda Ijumaa, kitatoka baada ya miezi mitatu. Nitakisoma. Kwa lenzi, ukurasa kwa siku, lakini nitakisoma. Kikingoja mwaka, nitakishika tu. Usimwambie yeyote, hasa yule dada. Atalia, na mimi sijui kumbembeleza mtu."

Mpiga taipu alihojiwa wa mwisho. Alijibu vizuri, kwa utaratibu. Aliondoka saa kumi na moja na robo. Chumba cha kadi kilikuwa kimefungwa. Yeye hatoi mafungu kwa haja zake, hana hata mlinzi wa rangi yake.

"Kitabu kikienda Ijumaa, wewe unakwenda wapi, mama?"

"Nyumbani, mwanangu. Ofisi inafungwa mwisho wa mwezi. Watoto wangu wako mbali, wana maisha yao." Alicheka kidogo. "Nitapumzika. Kila mtu ananiambia nitapumzika."

* * *

Alhamisi inspekta alikwenda duka la misumari, akapekua karatasi za bawabu. Zilikuwa kurasa za zamani zilizokwisha kusahihishwa. Alikwenda kwa daktari wa meno, akaambiwa naibu alilia kama mtoto mpaka saa kumi na mbili na nusu. Alikwenda nyumbani kwa Mzee Kamusi, na mzee akamwachia chumba apekue mpaka chini ya mto, kisha akaanza kupekua naye, akifungua makabati ambayo hayakuwa na sababu ya kufunguliwa.

"Huenda," mzee alikuwa akisema. "Huenda, afande. Mtu hawezi kujua alichosahau."

Lilimuuma inspekta kumwona hivyo. Alirudi chumbani kwake saa kumi na mbili jioni, akachemsha maji, akatoa kikombe, akakiweka mezani. Alipotaka kumimina akaona ametoa viwili. Miaka tisa aliishi na mama yake, na mwaka wa pili sasa mama hayupo, lakini mkono ulikuwa bado unatoa viwili. Alikiosha kile cha pili ingawa hakikuwa kimetumika. Akakaa nacho mkononi, na hapo ndipo alipoielewa ile karatasi ya manjano.

* * *

Ijumaa saa nne asubuhi aliwakusanya wote wanne chumba cha kadi. Kurasa za kamusi zilikuwa zimefungwa katika maboksi saba mlangoni, zikisubiri gari na ukurasa mmoja.

"Hakuna aliyepita dirishani," alianza. "Vumbi la kizingiti lilikuwa halijaguswa. Mlango haukuvunjwa. Aliyeingia ana ufunguo, na ufunguo mnao ninyi wanne. Tena si mtu wa kuchukia kazi hii. Alimwaga droo tatu na hakukata uzi hata mmoja, kwa sababu anajua wiki ngapi zinakwenda kupanga kadi zilizochanganyika. Anayajua maumivu yake."

"Sasa hapo umenitoa mimi," bawabu alisema. "Mimi siyajui hayo maumivu. Siyajui kabisa."

"Wewe umetoka. Naibu naye alikuwa kwenye kiti cha meno, na mashahidi ni wote waliomsikia." Hakuna aliyecheka. "Lengo halikuwa kumwaga. Mtu huyu alitoa fungu moja, akasukuma droo, kisha akaona kesho litakosekana fungu hilo moja tu na wataulizana wenye nyumba. Ndipo akamwaga, ionekane wamevamia watu wa nje. Lakini alikuwa ameshaacha mlinzi, na hakukumbuka kwamba amemwacha, kwa sababu mkono wake ulifanya bila kumuuliza. Mlinzi wa manjano."

Macho ya naibu yalikwenda kwa Mzee, yakarudi chini. Mzee Kamusi aliliona hilo, au alilihisi.

"Basi ni mimi," alisema. Alizungumza polepole, kama anayesoma kadi. "Andika ni mimi, afande. Nimelitoa mwenyewe, nimelipeleka nisikokujua, na nimesahau hata kusahau. Naibu, asili ya neno weka unavyotaka. La, usiweke kitu. Kitabu kingoje. Nilifikiri akili ingenisubiri mpaka nimalize."

Inspekta alikuwa amebakiza sentensi moja. Hakuisema. Alimtazama mpiga taipu, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya mifuko ya sweta.

"Si wewe, Mzee," mpiga taipu alisema.

"Dada, usinifunike."

"Sikufuniki. Ni mimi." Alitoa mkono mfukoni. Alikuwa ameshika karatasi za manjano, kama kumi hivi. "Miaka mingapi sasa hujaweka mlinzi wako mwenyewe? Miwili? Mitatu? Huoni mahali pa kuchomeka. Wewe unasema niletee, mimi naleta, mimi nachomeka. Hata nilipokuwa naiba nilichomeka kwa niaba yako."

Naibu alifungua kinywa, jino likamkumbusha, akakifunga.

"Kwa nini?" Mzee aliuliza. "Nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea. Lilikuwa limebaki neno moja. Nimelipiga taipu mara kumi na moja, kila mkigombana napiga upya, na nilikuwa nafurahi mkigombana. Jumanne ulipotoka ulisema kesho tutaelewana, tutamaliza. Nikakaa pale na koti langu." Alizungumza bila kulia, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikiliza. "Ninyi mnasema ofisi inafungwa. Kwangu mimi ndio watu wanaofungwa. Nyumbani kuna redio. Nilijua hutachapa bila kadi zake, nilijua utangoja. Nilitaka mwaka mmoja tu. Nilisema mwaka mmoja si kitu kwa kamusi, baadaye nitajifanya nimeziokota mahali, tutafurahi. Sikujua utasema umepotewa na akili. Jana nilitaka kuja kwako nikuambie, nikafika getini nikarudi."

"Sina mwaka huo," Mzee Kamusi alisema.

Alimweleza habari ya macho kwa maneno machache, yale yale aliyomwambia inspekta. Mpiga taipu alisikiliza mpaka mwisho. Alijishika kwenye kabati.

"Ungeniambia," alisema.

"Na wewe ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Usimalize kazi yako kwa sababu mimi sina pa kwenda asubuhi?"

Inspekta alikuwa na daftari wazi mkononi, kalamu ikiwa tayari. Alilifunga.

Saa nne na dakika arobaini alimpeleka mpiga taipu kwake kwa gari la polisi. Nyumba ilikuwa safi sana. Kadi arobaini na tatu zilikuwa mezani, zimefunguliwa na kupangwa kwa miaka, na mbele yake kiti kimoja. Alikuwa amezisoma siku zote tatu.

Walirudi saa tano na robo. Mzee alilipokea fungu, akalipapasa uzi, akalirudisha kwa mpiga taipu.

"Nisomee," alisema. "Haraka, gari linakuja."

Akamsomea. Mwanamke aliyeamka akakuta kitanda cha mwanawe kitupu. Mzee mmoja aliyeachiwa mlango bila nyumba. Mtu aliyetaja majina tisa na kusema hao ndio nyara ya mwaka ule. Naibu alikuwa dirishani, amewapa mgongo.

"Mnabishana lilitoka nje au ndani," mpiga taipu alisema alipofika kadi ya mwisho. "Mimi sijui ya wataalamu. Lakini katika kadi zote hizi hakuna hata mmoja aliyebeba. Wote waliosema ni waliobaki. Aliyebeba ana vitu mikononi, neno analitakia nini? Kama lilikuja na wageni, hawa ndio waliolitunza. Andikeni hivyo."

Mzee alimgeukia naibu. Naibu alitikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka kwamba mzee haoni, akasema, "Sawa. Asili haijulikani. Limehifadhiwa na waliobaki."

Mpiga taipu aliipiga kwa mara ya kumi na mbili. Mzee aliitia sahihi mahali alipoelekezwa kidole, naibu akatia yake. Kisha naibu akamwambia inspekta kwamba hana malalamiko, kadi zote zipo, na kama sheria inataka mtu, imchukue yeye kwa kupiga kelele bure. Inspekta alisema sheria ina watu wa kutosha.

Gari lilifika saa sita kasoro dakika tano. Bawabu na dereva walibeba maboksi sita. Naibu alishika mkono wa kila mmoja, akachukua koti lake nyuma ya mlango, akashuka na boksi la mwisho. Waliusikia mlango wa gari ukifungwa, kisha injini, kisha mtaa.

Mpiga taipu alizima kompyuta. Alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena. Mzee Kamusi alikaa mikono juu ya meza tupu, uso akiwa ameuelekeza kule zilikokuwa sauti zao.

"Basi," mpiga taipu alisema.

"Basi," Mzee alisema, na hakuinuka.

Mpiga taipu naye hakuondoka. Inspekta alikuwa mlangoni, jalada limefungwa kwapani, hana tena kazi mahali pale. Alitazama saa yake. Kisha akavuta kiti kilichokuwa cha naibu, akakaa nao.